Vanishi ya Mlango Ulio Juani



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona ni la mafundi tu, wala halistahiki nafasi katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani. Jambo lenyewe ni vanishi, yaani ule utando mng'aavu upakwao juu ya mbao ili rangi yake ya asili na mishipa yake ionekane. Kila mwenye nyumba aliyewahi kupaka vanishi mlango wa nje aijua furaha ya siku ya kwanza. Aijua pia huzuni ya mwaka wa pili, utando unapoanza kubanduka vipande vipande, na mbao iliyokuwa nyekundu ikawa na mabaka ya kijivu. Twataka kueleza kwa nini yatokea hayo na lipi la kufanya. Lakini kabla ya hayo hatuna budi kusimulia kisa, kwani elimu hii hatukuipata bure. Tuliipata baada ya kumdhulumu ndugu yetu.

Sisi twakaa Buzuruga, hapa Mwanza, upande wa barabara kuu iendayo Musoma. Msikiti wetu ni mdogo, na milango yake ya zamani ilikuwa ya mbao hafifu iliyoliwa na mchwa. Tukaazimia kuweka milango miwili mipya ya mninga, iwe wakfu. Watu wakachanga. Wako waliotoa noti, wako waliotoa sarafu. Mama mmoja muuza dagaa alileta faida yake ya juma zima, akasema kuwa yeye huingia kwa mlango wa wanawake na hatapita katika milango hiyo, lakini kila atakayepita kwenda kusali atamletea sehemu ya thawabu. Maneno hayo yalitutoa machozi, na yafaa msomaji ayakumbuke, maana ndiyo yaliyofanya mambo yaliyofuata kuwa mazito.

Kazi tulimpa fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya mbele katika sala ya alfajiri. Alichonga milango ile kwa uzuri. Ilipokwisha, ulikuwa mwezi wa Shaabani 1442, yaani Machi 2021, na masika yameanza. Alituambia, "Wazee wangu, mbao bado haijatulia, na mvua hizi hazinipi siku kavu. Niachieni milango hii hadi Juni, nami nitaipaka vanishi kidogo kidogo, siku baada ya siku."

Tukamjibu, "Bwana fundi, Ramadhani haingoji vanishi. Paka nzito mara mbili, yatosha." Akanyamaza kidogo, kisha akatii. Milango ikawekwa, ikang'aa kama kioo, na Ramadhani ile kila aliyeingia alisema mashallah.

Mwaka mmoja ukapita. Ramadhani ya 1443, yaani Aprili 2022, ilipoingia, mlango wa upande wa magharibi ulikuwa aibu tupu. Utando umepasuka, pembeni umebanduka, chini mbao imekuwa nyeusi kwa kuvu. Hapo maneno yakaanza. Huyu akasema fundi alichanganya vanishi na mafuta ya taa. Yule akasema si mninga ule, ni mti mwingine uliopakwa rangi. Wa tatu akasema pesa za wakfu zimeliwa. Nasi tuliokuwa katika kamati, badala ya kuyazima maneno hayo, tuliyasikiliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwendea fundi kumwuliza. Yeye alisikia, kama kila mtu asikiavyo mambo ya mtaani, na katikati ya mwezi ule mtukufu akaacha kuja msikitini kwetu, akawa anasali mahali pengine.

Aliyetuzindua ni kijana mmoja wa sekondari. Siku moja baada ya sala ya alasiri alitusalimu shikamoo, kisha akauliza kwa adabu, "Wazee, mbona mlango wa mashariki haukuharibika?"

Tukaenda kuutazama. Wallahi, ulikuwa mzima! Mbao zilitoka katika gogo moja, vanishi katika kopo moja, mkono ulikuwa mmoja, na siku ni ile ile. Ikiwa fundi alidanganya katika mlango mmoja, sharti alidanganya katika wa pili. Basi tofauti ilikuwa wapi?

Tofauti ilikuwa ni jua. Kibla chetu hapa Mwanza kiko kaskazini, kikielekea kidogo mashariki, na kwa hiyo milango ya ubavuni mwa msikiti mmoja hutazama mashariki na mmoja hutazama magharibi. Mlango wa mashariki umekingwa na paa la mahali pa kutawadhia. Mlango wa magharibi hauna kinga. Tangu adhuhuri hadi magharibi jua huupiga usoni, na mvua ya upepo ikija kutoka upande wa ziwa huurushia maji. Tena tulipoutazama vizuri tuliona kuwa hata mlango huo mbovu, shibiri moja ya juu iliyo chini ya ukingo wa bati ilikuwa nzima, inang'aa. Pale kivuli kilipoishia ndipo uharibifu ulipoanzia, kama kwamba mtu amepiga mstari kwa rula.

Usiku ule ule watu watatu wa kamati tulikwenda nyumbani kwa fundi kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, mimi nimesamehe. Lakini niliumia kwa kuwa niliwaambieni kabla, na baadaye hamkuniuliza." Hatukuwa na jawabu. Kosa lilikuwa letu mara mbili. Kwanza tulimlazimisha afanye kazi kwa haraka katika siku zisizofaa, na baadaye tukamtwisha yeye matokeo ya haraka yetu. Ijumaa iliyofuata tulisimama baada ya sala tukalieleza jambo hili mbele ya watu, kwani aliyesemwa hadharani husafishwa hadharani.

Sasa na tuingie katika elimu yenyewe. Tulijifunza kwa fundi huyo, na mengine tuliyapata katika maandishi ya wataalamu wa mbao.

Mbao imeumbwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na nyuzi hizo zimeshikamanishwa na kitu ambacho wataalamu hukiita lignini, nacho ni mfano wa gundi. Katika nuru ya jua mna miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo miale ya urujuanimno, ambayo huivunja gundi hiyo. Miale hii haiingii ndani sana, huishia katika sehemu ndogo tu ya milimita moja. Lakini uso huo mwembamba ndio ambao vanishi imeushika! Rangi ya kawaida huizuia miale isipite. Vanishi iliyo safi kabisa ni kama kioo: jicho laona mbao kupitia humo, na jua nalo lapita humo humo. Hivyo mbao hufia chini ya utando, na utando ukakosa cha kushika. Ndiyo maana ukiubandua huona upande wake wa ndani umeng'oka pamoja na ungaunga wa mbao. Mara nyingi basi vanishi haikuachia mbao, ila mbao iliyoshikwa na vanishi ndiyo iliyoachia.

Baada ya jua huja maji. Mbao hunywa unyevu ikavimba, kisha ikakauka ikanywea, nayo haiachi kufanya hivyo maisha yake yote. Vanishi ikiwa mpya hunyumbuka pamoja nayo. Ikichomwa na jua miezi mingi huwa kavu na ngumu, haiwezi tena kunyumbuka, ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia katika nyufa hizo, na yakisha kuingia hayatoki upesi, maana utando huohuo huyafungia ndani. Hapo kuvu hupata makao, na weusi huanza.

Na mahali petu hapa ni pa jua kweli kweli. Mwanza iko karibu digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa letu uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini, na katika mwinuko huu miale ile hupunguzwa na hewa kidogo kuliko pwani. Ukiongeza juu yake masika na vuli, wajua kuwa mlango ulio wazi hapa una maadui wawili wapokezanao zamu.

Wenzetu wa nchi nyingine wameyapima mambo haya kwa miaka mingi. Huko Marekani, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, iko maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyoanzishwa mwaka 1910. Wataalamu wake huandika wazi kuwa vanishi safi iliyo juani huhitaji kutengenezwa tena hata kila mwaka mmoja au miwili ikiwa mtu ataka ibaki nzuri. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kuwa kopo lake litakaa miaka kumi juani bila kuguswa, mshukuru, kisha uendelee na safari yako. Mwenye nyumba asiulize ni vanishi gani isiyokufa, kwani haipo. Ajiulize jinsi ya kuitunza isife kabla ya wakati wake.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila ya maabara. Mwenye jahazi hakupaka sifa, yaani mafuta ya papa, mara moja akatosheka. Alipaka tena na tena, na chini ya chombo akapaka deheni ya chokaa na mafuta ya wanyama, na chombo kilipopandishwa pwani kazi hiyo ilikuwa sehemu ya safari. Hakuna nahodha aliyeona kuwa kurudia kupaka ni dalili ya ubovu wa kazi ya kwanza. Sisi wa leo ndio twaipaka nyumba mara moja tukaisahau.

Basi haya hapa ndiyo tuliyofanya katika mlango wetu wa magharibi mwezi wa Julai 2022, baada ya Idi Kubwa, wakati wa kiangazi. Twayataja kwa utaratibu ili kila mwenye mlango, dirisha au kiti cha barazani apate kuyafuata.

Kwanza, kivuli. Kabla ya kununua kopo lolote tuliongeza kibaraza cha bati juu ya mlango, kikatokeza mbele kiasi cha hatua moja na nusu. Hakizuii jua la jioni lililo chini, lakini huzuia jua kali la mchana na sehemu kubwa ya mvua. Ikiwa huna fedha ila za jambo moja, basi nunua kivuli, maana ule mstari tuliouona juu ya mlango ulikuwa shahidi wa kutosha.

Pili, kuondoa yote yaliyokufa. Kupaka vanishi mpya juu ya ile inayobanduka ni kujenga juu ya mchanga. Fundi alikwangua utando wote, kisha akapiga msasa mpaka kijivu chote kikatoka na wekundu wa mninga ukarudi. Alianza na msasa mkali wa namba 80, akafuata na 120, akamalizia na 180, siku zote akifuata mwelekeo wa nyuzi. Akatuambia pia kuwa mbao iliyorandwa isiachwe juani bila ya kinga, hata kwa majuma machache, kwani uso wake huanza kufa kabla haujapakwa, na vanishi haitaushika vizuri.

Tatu, kuvunja makali ya pembe. Vanishi haikai juu ya ukingo mkali. Hukimbia huku na huku ikaacha pale juu utando mwembamba mno. Ndiyo maana mipasuko mingi huanzia pembeni. Kila ukingo alioupitia kwa msasa ukawa mviringo kidogo ulidumu kuliko alioacha mkali.

Nne, vichwa vya mbao. Nyuzi za mti ni kama mirija, na pale mbao ilipokatwa mirija hiyo i wazi, hunywa maji haraka kuliko ubavu wake. Ukingo wa chini wa mlango ndio unywao zaidi, na ndio usiopakwa kamwe kwa kuwa hauonekani! Sisi tuliutoa mlango katika bawaba zake, tukaugeuza, tukapaka kichwa cha juu na cha chini mara tatu kwa vanishi nyepesi mpaka kikakataa kunywa. Na upande wa ndani wa mlango ulipakwa sawasawa na wa nje, kwani mlango uliofungwa upande mmoja tu hunywa kwa upande wa pili, ukapinda.

Tano, kuchagua vanishi. Kwa kazi ya nje yafaa ile ya mafuta iliyotengenezwa kwa vyombo vya majini au kwa mbao za nje, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa hunyumbuka. Ilibuniwa kwa milingoti ya majahazi, na mlingoti hupinda kwa upepo kila saa, hata vanishi isiyopinda hupasuka upesi. Ya pili ni kuwa nyingi katika hizo hutiwa dawa ya kuzuia miale ya urujuanimno, na jambo hilo huandikwa juu ya kopo. Yapasa kulisoma kabla ya kulipa. Vanishi ngumu ya meza na sakafu za ndani haifai juani. Polishi ya fanicha nayo, ile ya utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti, ikipata maji hugeuka nyeupe.

Sita, rangi kidogo. Hapa fundi alituvuta kutoka katika tamaa yetu ya wekundu ule safi kabisa. Alipaka kwanza rangi nyepesi ya mbao, ya hudhurungi, ambayo huonyesha mishipa lakini hufunika kidogo. Chembechembe za rangi hiyo husimama mbele ya jua kama pazia jepesi dirishani. Nuru bado yapita, lakini si yote. Twakiri kuwa mlango wetu sasa ni mweusi kidogo kuliko mwaka ule wa kwanza, nasi twaona ni bei ndogo.

Saba, nyembamba na nyingi. Mkono wa kwanza wa vanishi ulitiwa tapentaini kwa kadiri iliyoandikwa juu ya kopo, ili uingie ndani ya mbao. Kisha mikono minne mingine, kila mmoja mwembamba, kila mmoja na siku yake ya kukauka, na katikati msasa laini wa kuondoa mng'ao tu ili mkono unaofuata ushike. Vanishi nzito ya siku moja, kama tuliyoiamuru sisi, hukauka ngozi ya juu ikabaki mbichi chini, kisha ikakunjamana. Kazi ifanyike asubuhi umande ukisha kukauka, kivulini, wala si katika jua kali wala jioni yenye unyevu. Na mtu asizimue vanishi kwa petroli au mafuta ya taa ili izidi. Huidhoofisha, na petroli yaweza kuleta moto.

Kwa kazi hiyo tulitumia siku saba badala ya moja. Lakini hapo hatujafika mwisho wa maneno yetu, bali ndipo tumefika katika kiini chake.

Fundi alipokwisha alitukabidhi mlango na kopo lililobaki, akasema, "Sasa mlango huu ni kazi yenu." Akatufundisha kuwa kila mwaka, katika kiangazi cha Juni au Julai, uoshwe kwa maji na sabuni kidogo, ukauke, upigwe msasa mwepesi sana, upakwe mkono mmoja. Basi. Ni kazi ya nusu siku na kiasi kidogo cha vanishi. Sharti ifanywe wakati mlango ungali mzuri, kabla ya jicho kuona haja yake, maana ukingoja hadi utando upasuke, utarudi kwenye kukwangua na siku saba. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katikati ya mwaka, kabla ya vuli, uangaliwe tena. Nyunyiza matone ya maji. Yakisimama juu kama shanga, utando u mzima. Yakiingia na kuacha doa la weusi, pana tundu, na tundu hilo lipigwe msasa na kupakwa siku ya kwanza ya ukavu.

Hapa twapenda kutoa tahadhari moja kwa kamati za misikiti. Desturi yetu ni kupaka na kupamba katika Shaabani ili Ramadhani itukute safi. Nia hiyo ni njema, lakini miezi yetu ya mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, ilhali mvua na jua hufuata miezi ya jua. Ndivyo sisi tulivyopaka katikati ya masika. Ramadhani na ikaribishwe kwa kufagia, kufua mikeka na kutengeneza nafsi. Vanishi na ingoje kiangazi.

Na twapenda kuongeza maneno mawili kwa usalama wa nyumba. Wengine hupaka mbao zao mafuta ya mbegu za kitani badala ya vanishi. Mafuta hayo ni mema, hayabanduki, ila huisha haraka na huota kuvu mahali penye unyevu, kwa hiyo hutaka kurudiwa mara nyingi zaidi. Lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe, na yaweza kuwaka bila ya kiberiti. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke, au yaloweshwe katika ndoo ya maji, wala yasiachwe ndani ya nyumba yenye watoto. La pili ni oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu huipaka nguzo na mageti. Mlangoni haifai. Huchafua kanzu na mikono, na mna vitu vyenye madhara kwa ngozi. Na apigaye msasa afunike pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa.

Ndugu zetu, huenda mtu akasema: haya yote kwa ajili ya mlango? Twamjibu kuwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, wala hakuutoa ufundi nje ya hicho "kila kitu". Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi. Na mimbari ya Mtume mwenyewe ilichongwa na fundi kwa mbao za mti wa msituni. Kazi ya mkono si kazi duni katika dini yetu, na mwenye kuifanya ana heshima ambayo sisi tuliivunja kwa ulimi.

Tena mlango ule si wetu. Ni wakfu, na wanazuoni wa fikihi wameeleza kuwa pato la wakfu huanza kwa kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya matumizi mengine. Sisi tulidhani kuwa amana imetimia siku mlango ulipowekwa na picha kupigwa. Kumbe siku ile ndiyo amana ilipoanza. Yule mama wa dagaa alitoa faida ya juma lake ili watu wapite miaka mingi. Sisi kwa haraka yetu tulikaribia kumpunguzia miaka hiyo.

Na katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) limo pia hili, kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, ijapokuwa ni kidogo. Tulikuwa tukiisikia hadithi hiyo katika darsa, tukiitia katika sala za sunna na kusoma Kurani, na hapo ndipo mahali pake pa kwanza. Lakini sasa kila Julai, vijana wanapokusanyika na msasa wao laini na brashi moja, twauona mfano wake kwa macho. Mikono miwili mizito ya siku moja haikumaliza hata mwaka. Mkono mmoja mwembamba, ukirudiwa kila mwaka, umeuweka mlango mzima hadi tunapoandika haya, wala haujakwanguliwa tena. Na itikadi ya mtu, na mapenzi ya mume na mke, na malezi ya mtoto, je, si hivyo hivyo? Vyote hupigwa na jua kila siku, na aliyevipaka mara moja siku ya sherehe akavisahau asishangae vikibanduka.

Ikiwa msomaji ana mlango, dirisha au benchi lililo nje, basi twamwomba afanye jambo moja juma hili. Achukue kikombe cha maji, anyunyize matone juu ya mbao, atazame. Na ikiwa ana fundi aliyemsema vibaya kwa kazi iliyoharibika, kabla ya kunyunyiza maji ajiulize kwanza kama alimwuliza.

Fundi wetu, alhamdulillahi, amerudi katika safu yake ya mbele. Alfajiri huingia kwa mlango wa magharibi, na mara nyingi tumemwona akipitisha kiganja juu ya mbao kabla ya kuvua viatu.